Kifuniko Kilichofunguliwa Kila Asubuhi

Mimi ni fundi wa sweta za shule mjini Nakuru, na nina ugonjwa wa akili. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuyasema mambo hayo mawili pamoja bila kushusha sauti. Najua kuna mtu atakayesoma haya akiwa kwenye benchi la kliniki, kadi ameibana kwapani ili jirani asiione, na huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine karibuni pia, mradi msituonee huruma sana.

Ugonjwa ulinijia mara ya kwanza wakati wa mvua za Aprili, mwaka wa 2007. Ulikuja ukiwa mtamu, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Sikujiona mgonjwa hata kidogo. Nilijiona nimepona kila kitu kilichowahi kuniuma. Nilianza kulala kwa muda wa saa tatu tu, kisha mbili, kisha nikaona kulala ni uvivu. Nilisukuma mashine ya kufuma huku na huku mpaka nikawa na sweta arobaini, zote za rangi ya chungwa, na hakuna shule hata moja iliyokuwa imeagiza sweta za rangi ya chungwa. Halafu siku moja asubuhi nikamfungia dukani binti yangu Mercy, aliyekuwa na miaka minne, nikaenda zangu. Walinikuta kwenye barabara ya kwenda Rongai, natembea miguu mitupu, naongea na watu ambao hawakuwepo. Mercy alitolewa na jirani jioni. Alikuwa amejikojolea, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

Nililazwa wiki sita. Nilipotoka, nilimkuta mama mkwe wangu nyumbani. Alikuwa ameacha viazi vyake na ng'ombe wake Dundori, akaja kukaa nasi, kwa sababu mume wangu Josphat hufanya kazi kwenye ghala la mahindi huko Rongai na huja nyumbani Jumamosi tu. Alinisubiri ninywe chai, ndipo akasema.

"Mama Mercy, mimi sina ubaya na wewe. Lakini ukirudi huko tena, huyu mtoto naenda naye Dundori. Na sitamrudisha hivi hivi."

Nilimwangalia Josphat anitetee. Aliangalia kikombe chake, akasema, "Ni sawa tu, Mum."

Tangu siku hiyo niliishi na hofu mbili: kwamba ugonjwa utarudi, na kwamba mtu atajua umerudi. Nikisema kweli, ile ya pili ndiyo iliyoninyima raha zaidi.

Kliniki yetu ilikuwa Jumatano, mara moja kwa mwezi. Ukifika saa moja unakuta benchi limejaa, ukifika saa kumi na mbili unakuta limejaa pia, sijui watu wale walikuwa wanalala wapi. Hapo ndipo nilipozoeana na Mzee Harbans, Singasinga aliyekuwa akitengeneza injini za mashine za kusaga unga. Alikuja na flaski ya chai yenye tangawizi kali, na kila mara alinimiminia kwanza mimi kwenye kifuniko. Hatukuulizana kilichotuleta. Tuliulizana tu kama tumelala, jinsi watu wengine wanavyoulizana kama kumenyesha.

Mwezi wa Agosti, Sista Rahel, muuguzi wa kliniki, alituita sisi wawili pamoja na wengine wachache. Kulikuwa na watafiti waliotaka kujua jinsi wagonjwa kama sisi tunavyolala na tunavyomeza dawa tukiwa nyumbani. Kila mmoja alipewa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kama saa ya mkononi, lakini hakina mishale wala nambari, ni kidude cheusi tu kwenye mkanda, nacho kinahisi mkono unavyosogea mchana na usiku. Cha pili kilikuwa chupa nyeupe ya dawa, ambayo kifuniko chake kina mtambo mdogo. Kila ukikifungua, kinaweka alama ya siku na saa. Ukienda kliniki wanaviunganisha na kompyuta, na karatasi inatoka na maisha yako yote ya mwezi.

"Hii kitu inasikiliza?" Mzee Harbans aliuliza, akigonga kile kidude kwa bangili yake ya chuma.

"Hapana, mzee. Inahesabu tu unavyosogea," Sista alimjibu.

"Basi ihesabu. Bibi yangu amenihesabu miaka thelathini na hajachoka."

Tulicheka, na mimi nikacheka kuliko wote, lakini nilipofika nyumbani nikajifungia chooni nikakitazama kile kidude kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefungwa shahidi mkononi. Nilijiambia kwamba nikilala vizuri atasema nimelala vizuri, na mama mkwe atarudi kwa ng'ombe wake. Sikufikiria siku atakayosema vinginevyo.

Septemba na Oktoba zilikwenda vizuri. Karatasi ilionyesha usiku mweupe, bila mistari mingi ya kusogea, na kila asubuhi alama moja ya kifuniko. Ila mwili haukuwa wangu tena. Nilinenepa mpaka pete ikakataa kutoka. Nilikuwa na kiu ya ajabu, nakunywa maji jagi zima na bado ulimi unashika kwenye meno. Na mikono ilitetemeka. Si sana, mtu wa kawaida asingeona, lakini mashine ya kufuma ina sindano nyembamba zilizopangwa mstari, na ukitetemeka kidogo tu macho ya uzi yanadondoka, na sweta inafunguka tumboni kwa mtoto wa watu mbele ya darasa zima.

Novemba ni mwezi wa maisha na kifo kwetu sisi wafumaji, kwa kuwa sweta za Januari hufumwa wakati huo. Nilikuwa na oda za shule tatu. Nilifuma sweta moja mara nne, mara nne ikaharibika. Kesho yake asubuhi niliiangalia ile chupa juu ya kabati, nikaondoka bila kuigusa. Nilisema ni wiki moja tu, mpaka nimalize oda. Msomaji wangu wa benchini, unajua wiki hiyo ina siku ngapi.

Mikono ikatulia. Sweta zikatoka safi, na mimi nikaanza kuimba nikifuma. Siku moja kabla ya kliniki ya Desemba nilizimwaga dawa zote zilizobaki kwenye choo cha shimo, nikaenda nimejiandaa kwa uongo. Nilijua kifuniko kitaonyesha mwezi mzima bila alama, kwa hiyo nilipanga kusema kimeharibika, kwamba mtoto alikiangusha.

Sista Rahel alichapisha karatasi, akaigeuza niione.

"Umefanya poa sana upande wa dawa," alisema. "Kila siku, bila kuruka hata moja. Ona, saa moja asubuhi, saa moja na dakika tano, saa moja."

Nilizitazama zile alama. Zilikuwa zimepangwa vizuri, moja chini ya nyingine, kwa siku ambazo sikuigusa ile chupa.

"Lakini mkono wako hautulii usiku," aliendelea. "Mwezi uliopita ulikuwa unalala muda wa saa saba. Sasa ni nne, juzi tatu. Chupa inasema kitu kimoja na mkono unasema kingine. Kuna nini, Mama Mercy?"

"Ni kazi, Sista. Ni msimu wa sweta."

Aliniangalia kama anayetaka kuuliza tena, lakini nje kulikuwa na watu sitini. Akanijazia chupa dawa mpya, akaandika nambari yake ya simu nyuma ya kadi yangu, akanipa tarehe ya Januari. Mzee Harbans alinimiminia chai na sikuweza kuinywa. Nilikuwa naogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena.

Fikiria. Mtu mwenye ugonjwa wangu anaambiwa kwamba kila asubuhi, mwezi mzima, amekuwa akifanya jambo ambalo halikumbuki. Kama nilikuwa nafungua ile chupa bila kujua, ni nini kingine nilichokuwa nafanya bila kujua? Nilianza kumkagua Mercy mwilini nikimwogesha, natafuta alama, na nikitafuta nilikuwa natafuta za vidole vyangu mwenyewe.

Nilifanya mtego wa fundi. Nilichukua uzi mmoja wa sufu, mwembamba, wa rangi ileile ya kifuniko, nikauzungusha kwenye shingo ya chupa na kuufunga fundo dogo. Nikaenda dukani. Niliporudi mchana, uzi ulikuwa umekatika, uko kwenye vumbi juu ya kabati. Nilirudia mara tatu na mara tatu ukakatika. Sikuweza kumuuliza mtu, kwa sababu swali lenyewe lingenifichua. Ningemwambiaje mama mkwe kwamba kuna mtu anafungua chupa ambayo mimi mwenyewe nilipaswa kuifungua?

Kisha ukaja uchaguzi wa mwisho wa Desemba, na baada ya uchaguzi mambo yakaharibika. Sitasimulia yale ambayo kila mtu wa Nakuru aliyaona kwa macho yake. Nitasema ya nyumbani kwetu tu. Januari ilipokuwa inaelekea mwisho, moshi ulionekana upande wa mitaa ya chini, kliniki ikafungwa kabla ya tarehe yangu, soko likafungwa, duka langu likafungwa na sweta zote ndani. Josphat alikwama Rongai, na simu yake ikawa haipatikani. Wiki hiyo mji mzima ulikuwa macho. Kila nyumba watu walikaa wamevaa nguo zao za kutokea, viatu mlangoni.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Ishara yangu kubwa ya ugonjwa ni kukosa usingizi, na hakuna aliyekuwa analala. Ishara nyingine ni kudhani watu wanakuja kutudhuru, na watu walikuwa kweli wanadhuriwa. Nilisikia mayowe, nikashindwa kujua kama ni yangu ya ndani au ya mtaani. Nilikuwa namuuliza Mercy, "Umesikia?" Akisema ndiyo, nilishusha pumzi kwa furaha. Hebu ona mama anayefurahi kwamba mtoto wake pia amesikia mayowe.

Kwa kuwa hatukutoka, asubuhi moja niliamua kumvizia mfunguaji. Nilimwambia mama mkwe naenda kufua nguo nyuma ya nyumba, nikazunguka, nikasimama kwenye pazia la chumba. Kichwani mwangu tayari nilikuwa na jibu: ni yeye, ananitilia kitu, anataka niwe mwendawazimu ili amchukue mtoto. Nilikuwa nimeshika pasi ya makaa. Naandika hilo kwa aibu, lakini naliandika.

Saa moja ilipofika aliingia. Ana mtoto wa jicho upande mmoja, hivyo alipapasa juu ya kabati mpaka akaipata chupa. Akafungua kifuniko, akakiweka pembeni, akafunika mdomo wa chupa kwa kiganja. Akafumba macho.

"Baba," alisema, "ibariki hii dawa anayokunywa huyu mtoto wa watu. Tangu Novemba naona anaimba sana. Mimi ni mzee, Baba, siwezi kulea mwingine. Usinipe huyo mtoto. Muache mama yake awe mama yake."

Akasema amina, akafunga kifuniko, akaipanga chupa pale alipoikuta. Alikuwa anakifungua ili maombi yaingie.

Nilirudi nyuma ya nyumba na kukaa kwenye karai la nguo, maji yakanilowesha sketi. La kwanza lilikuwa furaha, kwamba sijafanya nisilolijua. La pili, aibu, lilikuja polepole: huyu mama alikuwa ametumia karibu miezi mitatu akibariki dawa zisizomezwa na mtu. Halafu kuna la tatu, ambalo ndilo baya. Niligundua kwamba maombi yake yalikuwa yananificha. Kifuniko kingeendelea kunishuhudia vizuri maadamu yeye anaendelea kuomba. Nikinyamaza, hakuna atakayejua, na Mercy atabaki nyumbani.

Nikanyamaza siku tatu.

Siku ya tatu mchana niliona wazi kabisa ninachopaswa kufanya. Josphat hapatikani kwa simu, basi niende Rongai nimchukue. Ni rahisi, nikashangaa kwa nini hakuna aliyewaza hivyo. Nilimvisha Mercy sweta tatu moja juu ya nyingine, nikamfunga mgongoni kwa leso, ingawa alikuwa mkubwa na miguu ilining'inia, nikatoka. Nilikuwa mwepesi. Nilikuwa na raha. Tulikuwa tumefika kwenye geti la ploti yetu ya kupanga Mercy aliposema mgongoni, taratibu, kama anayeogopa kunikasirisha.

"Mama, hujavaa viatu."

Niliangalia chini. Ilikuwa kweli.

Siwezi kueleza hofu ile vizuri. Mwili wote ulikuwa unataka kuendelea. Miguu ilikuwa inacheka, nasema kweli, niliihisi inacheka. Na mtu mmoja mdogo ndani yangu alikuwa anaiona barabara ya Rongai na anajua aliwahi kuipita hivyo hivyo. Barabara ile siku hiyo ilikuwa na vijana na mawe na mapanga, na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Nililishika geti kwa mikono miwili ili nisilifungue, nikaita kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Mama! Mama, njoo umchukue!"

Mama mkwe alitoka mbio na mwiko mkononi. Alimfungua Mercy mgongoni kabla hajauliza kitu. Ndipo nikamwambia, bado nimeshika geti.

"Sijameza dawa tangu Novemba."

"Unasema nini?"

"Zile za kwanza nilizimwaga chooni. Hizi sijazigusa. Mimi ni mgonjwa, Mama. Sasa hivi ninavyoongea na wewe, mimi ni mgonjwa."

Aliuangalia mwiko kama ameletewa na mtu. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Sasa mimi nimekuwa nikiombea nini?"

Tulimpigia Sista Rahel. Hakunigombeza. Aliuliza kama nakunywa maji, kama nakula, halafu akamwelekeza mama mkwe ni tembe ngapi za kuanza nazo na ni lini aongeze, na kwamba barabara ikifunguka tu niletwe. Mama mkwe alinishikia kikombe. Kwa siku tisa aliketi mlangoni na ufunguo ndani ya nguo yake, na mimi nikamchukia na kumshukuru kwa zamu. Kuna siku nilimwita mchawi. Alijibu, "Sawa, mimi ni mchawi, kunywa maji." Josphat alifika siku ya sita, amekonda, ametembea kupitia mashambani, na jambo la kwanza aliloliona ni mimi nimelala mchana na mama yake amelala amekaa.

Kliniki ilipofunguka Februari tulikwenda sote wawili, mimi na mama mkwe. Kile kidude kilitoa karatasi yenye usiku uliochorwa mistari myeusi mfululizo, mpaka Sista akaweka kidole pale inapoanza kupungua. "Hapa ndipo ulipoanza tena," alisema. Mama mkwe alisimama kama mtoto wa shule na kukiri kwamba kifuniko alikuwa anakifungua yeye. Sista alimtazama, akanitazama, akaandika kwa muda mrefu. Mzee Harbans hakuwepo. Nilisikia baadaye kwamba wanawe walimhamishia Nairobi, na sikupata nafasi ya kumshukuru kwa ile chai.

Mama mkwe hakubadilisha neno lake. Mvua za Machi zilipoanza alimchukua Mercy, wakapanda Dundori, na mimi ndiye niliyefunga mzigo. Sweta ndogo nilizofuma nikiwa mgonjwa, zilizokuwa nyingi kuliko akili, tulizipeleka kwa watoto wa familia zilizokimbia makwao na kulala kwenye mahema. Miezi ile nilimeza dawa kila asubuhi katika nyumba iliyonyamaza. Mikono ilitetemeka, nikapunguza oda, nikamfunza msichana mmoja kushika zile sindano nyembamba. Jumapili nilipanda kumwona Mercy. Mara mbili za kwanza alijificha nyuma ya ng'ombe. Ya tatu alikuja na kunishika kidole kimoja.

Utafiti uliisha Agosti, wakakivua kile kidude. Mkono ulibaki na alama nyeupe, na niliogopa kuliko nilipokivaa. Wiki hiyo hiyo Josphat alimleta Mercy nyumbani. Mama mkwe alisema muda umetosha, ana viazi vya kuvuna, na akabaki Dundori.

Josphat aliporudi Rongai, nilimkalisha Mercy mezani, nikamwambia ukweli kama unavyoweza kuambiwa mtoto wa miaka mitano. Kwamba kuna ugonjwa unaokuja kwa mama akikosa kulala. Kwamba akiniona sijalala, aende kwa jirani na kumwambia.

Alifikiri, akachovya mkate kwenye chai.

"Na mimi nikiwa nimelala, nitakuona aje?"

Nilichukua simu nikampigia mama mkwe, nikamwomba aache viazi, arudi aishi nasi. Nilimwambia hakuna aliyenituma, si Josphat wala Sista, ni mimi ninayemtaka.

"Blanketi yangu bado iko?" aliuliza.

"Mercy ndiye anajifunika nayo."

"Basi tutalala naye," alisema. "Kesho nakuja."